Ukubwa wa Rimu Huamuliwa na Barabara

Mhadhara kwa mafundi na madereva, Timau



Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa ukanda huu wa Mlima Kenya, kuanzia Nyeri hadi Meru, ni hili: gari langu la kwenda kazini, ambalo pia nataka kulishindanisha, nilifunge rimu za inchi ngapi? Nitaanza na jibu, kisha nitatumia muda uliobaki kulitetea. Chagua rimu ndogo kuliko zote zitakazopita juu ya breki zako bila kugusa. Lipe gari ubavu mnene wa tairi. Pesa utakayookoa kwenye rimu inunulie mpira ulio bora. Najua jibu hili haliwafurahishi wengi wenu, kwa sababu rimu ya inchi 18 inang'aa na inajaza tao la gurudumu vizuri. Lakini gari letu linaishi Timau, na Timau ina masharti yake.

Tuelewane kwanza kuhusu namba zilizochorwa ubavuni mwa tairi, maana hesabu yote ya leo inatoka hapo. Tairi lililoandikwa 205/55R16 lina upana wa milimita 205. Ile 55 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 55 ya upana, yaani karibu milimita 113. Ile 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 406. Jumlisha rimu na mbavu mbili, wa juu na wa chini, upate kipenyo cha tairi zima: milimita 632 hivi. Sasa chukua 225/45R17. Ubavu ni milimita 101, rimu ni 432, jumla 634. Matairi haya mawili yakisimama ubavu kwa ubavu, jicho halitatofautisha kimo chake. Kilichobadilika ni mgawo: rimu imekula ubavu.

Ndiyo maana nasema ukiongeza rimu hupati gurudumu kubwa zaidi. Unapata gurudumu lile lile lenye chuma kingi na mpira mchache. Ukitaka kuongeza rimu bila kupunguza ubavu, basi kipenyo chote kinapanda, na hapo unaharibu mengine. Gari lililotoka kiwandani na 205/50R16, ambalo kipenyo chake ni milimita 611, ukilivalisha 225/50R17 kipenyo kinafika 657. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya asilimia 7. Kipima mwendo kikikuambia 100, wewe unakwenda 107. Gia zote zimekuwa nzito, na kona ikikatwa kwa nguvu tairi linakwaruza plastiki ya ndani ya tao. Mafundi wengi hushika kanuni ya kutovuka asilimia 3 ya kipenyo cha kiwandani. Mimi, kwa gari la mashindano, napenda ibaki ndani ya asilimia 2.

Tazameni wanavyofanya wale wanaolipwa kushinda. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, magari yale ya mamilioni ya shilingi yalikuja na rimu za inchi 15. Kwenye mbio za changarawe za ubingwa huo, kipimo cha tairi ni 205/65 kwa rimu ya 15. Kwenye mbio za lami, magari hayo hayo hufungwa 235/40 kwa rimu ya 18. Pigeni hesabu: la changarawe lina kipenyo cha milimita 647 na nusu, la lami 645. Tofauti ni milimita 2 na kitu. Wahandisi hao wana uwezo wa kufunga chochote, na bado waliamua kimo cha gurudumu kibaki pale pale, kisha barabara iamue ubavu uwe mnene au mwembamba. Kwenye changarawe ubavu wao unazidi milimita 133. Kwenye lami unashuka hadi 94.

Wala si kwamba ubavu huo mnene uliwaepusha na kila balaa. Mwaka 2022 Sébastien Ogier, aliyeshinda mwaka uliotangulia, alipata pancha siku ya Ijumaa, akapoteza zaidi ya dakika mbili na kumaliza wa nne. Kama pancha linampata dereva wa kiwango kile, mwenye ubavu wa milimita 133, fikiria wewe unayeteremka kwenda Meru usiku na ubavu wa 80, ukakutana na shimo ambalo mvua ya jana ndiyo iliyolichimba.

Wazee walio hapa wanakumbuka Safari ya zamani, ile iliyoanza mwaka 1953 na ambayo kwa miaka mingi ilizunguka mlima wetu huu. Peugeot 404 iliishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Gari lile lilisimama juu ya matairi membamba yenye ubavu mrefu, ambayo leo kijana angeyaona ya mkokoteni. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 na Volvo PV544, gari lenye umbo la kizee hata kwa wakati huo, halafu 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Magari hayo yote yalijengwa na watu waliojua kwamba kwenye tope na mawe, ubavu wa tairi ndio springi ya kwanza ya gari, kabla hata ya springi yenyewe.

Sitaki kuonekana nachukia rimu kubwa. Zina sababu mbili za haki. Ya kwanza ni breki. Diski kubwa inahitaji nafasi ndani ya rimu. Subaru Impreza STI yenye kalipa za Brembo haikubali rimu ya inchi 16. Lazima uanze na 17. Magari yale ya ubingwa wa dunia hutumia diski za milimita 300 kwenye changarawe, na kwenye lami hupanda hadi 370, ndiyo maana rimu ya 18 inahitajika. Mtu anayeteremka kutoka hapa Timau kupita Subuga hadi Meru anajua breki zikichemka zinanukaje, kwa hiyo siwezi kumwambia apunguze diski ili avae rimu ndogo. Sababu ya pili ni kona za lami. Ubavu mrefu hujikunja gari likiegemea, na dereva huhisi usukani umechelewa kujibu. Ubavu mfupi hujibu mara moja. Hilo ni kweli, na kwenye lami laini iliyofungwa kwa mashindano linaweza kukupa sehemu ya sekunde.

Lakini jiulize gari lako linakaa saa ngapi kwenye lami hiyo. Kenya bado haina uwanja wa kudumu wa mbio za lami wenye hadhi ya kimataifa. Ukitaka mbio za autocross utakwenda Jamhuri Park, Nairobi, na huko ni udongo. Ukitaka kukimbizana na saa kwenye lami, utasubiri siku barabara itakapofungwa rasmi, kama ilivyofanyika Kiambu. Kutoka hapa mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na kurudi vilevile. Umepita matuta ya kila kituo cha soko, umepita malori ya ngano na ya maua, umepita ukingo wa lami uliomegeka, ndipo ukafika kwenye barabara pana ya kati ya Marua na Kenol. Kwa kila dakika ya mashindano gari limetembea saa nyingi za barabara ya kawaida. Na ukishapinda rimu kwenye tuta ukiwa njiani, hushindani kabisa.

Jambo jingine linalotetea rimu ndogo ni mwinuko wetu. Timau iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Hewa hapa ina kama robo tatu tu ya mgandamizo wa hewa ya Mombasa, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu robo ya nguvu zake. Turbo hufidia sehemu ya upungufu huo, ingawa nayo hufanya kazi ngumu zaidi. Katika hali hii, uzito wa gurudumu ni adui. Wapagazi wanaopandisha mizigo ya wageni mlimani watakwambia kwamba kilo moja kwenye buti inachosha kuliko kilo moja mgongoni, na gari liko vivyo hivyo. Uzito ulio pembezoni mwa gurudumu unasukumwa mara mbili: unasogezwa mbele pamoja na gari, na papo hapo unazungushwa. Rimu nzuri ya inchi 16 inaweza kuwa na kilo 7 au 8. Rimu rahisi ya inchi 18 iliyomiminwa bila uangalifu hufika 11 au 12. Zidisha tofauti hiyo kwa magurudumu manne, kisha ukumbuke kwamba robo ya farasi wako ulishawaacha Pwani.

Upepo wa tairi nao una hesabu yake huku juu, na ni jambo linalowapotosha hata mafundi wazuri. Chukua tairi lililojazwa psi 32 Mombasa, joto likiwa nyuzi 30, ulipandishe hadi Timau bila kuligusa. Geji hupima tofauti ya mgandamizo kati ya hewa ya ndani na ya nje. Ya nje hapa iko chini kwa karibu psi 3 na nusu, kwa hiyo geji ingepaswa kusoma juu zaidi. Lakini alfajiri ya Timau, nyuzi zikiwa 10, hewa ya ndani nayo imesinyaa kwa psi 3 hivi. Mambo mawili yanakaribia kufutana, geji inasoma 32 na kidogo, na dereva anasema upepo uko sawa. Ikifika saa nane mchana tairi hilo hilo linasoma karibu 35, hata kabla halijazunguka. Ongeza joto la mizunguko kadhaa ya mashindano, ambalo laweza kupandisha psi 5 hadi 8, na sasa umekaa juu ya puto: katikati ya tairi pamevimba, mabega yake hayagusi lami, na kona inakuponyoka. Pima upepo pale pale unapokimbilia, siku hiyo hiyo, tairi likiwa limepoa. Kisha pima tena mara tu utokapo kwenye mzunguko, ukiamua kwa kipimo cha moto. Ukimaliza, rudisha upepo wa barabarani kabla ya kuanza safari ya nyumbani, kwa sababu tairi lililopunguzwa upepo likibeba abiria na mizigo kilomita 200 huchemka ubavuni.

Sasa tulichukue gari moja tulifanyie kazi. Nachagua Impreza WRX ya miaka ya 2000, kwa sababu nje ya ukumbi huu naziona kadhaa. Nyingi zilizotoka Japani zilikuja na 215/45R17, kipenyo milimita 625. Kama breki zako ni zile za kawaida zinazoruhusu rimu ya 16, nakushauri seti ya barabarani iwe 205/55R16. Kipenyo chake, 632, kimezidi cha kiwandani kwa asilimia 1 tu, na ubavu umeongezeka kutoka milimita 97 hadi 113. Milimita 16 hizo ndizo zitakazookoa rimu yako. Ukipata uwezo wa seti ya pili kwa ajili ya lami ya mashindano, chukua 225/45R17 juu ya rimu yenye upana wa inchi 7 na nusu. Kimo kinabaki kile kile ndani ya milimita 3, kwa hiyo gia zako, kipima mwendo chako na mazoea ya mguu wako havibadiliki unapobadilisha seti. Rimu ya 18 sijaiona kazi yake kwenye gari hili. Breki zake haziihitaji, barabara zetu haziitaki.

Upana nao uwe na kiasi. Tairi la 225 kwenye rimu ya inchi 6 hubinuka mabega. Tairi la 205 lililonyooshwa kwenye rimu ya inchi 9, mtindo ambao vijana wameuona kwenye picha, linaweza kuchomoka kwenye ukingo wa rimu siku utakapoligonga kwa ubavu. Kwa barabara zenye maji, tairi pana kupita kiasi huelea mapema kuliko jembamba. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, jambo hili si la vitabuni tu.

Nije kwenye kufunga, ambako makosa ni mengi na ni ya hatari. Kwanza mpangilio wa nati. WRX nyingi za miaka hiyo zina matundu 5 kwenye duara la milimita 100. STI za kuanzia 2005 zina 5 kwa 114.3. Rimu ya 112 inaweza kuonekana kama inaingia kwenye 114.3 ukilazimisha. Usilazimishe. Nati hazitakaa sawa kwenye viti vyake, zitalegea, na gurudumu litakuaga.

Pili ni tundu la katikati. Habu ya Subaru ina milimita 56.1. Rimu ya Toyota ya 5 kwa 100 ina tundu la 54.1, hivyo haitaingia, na nimeona watu wakiipeleka kwa fundi aichonge kwa tindo. Rimu ya Volkswagen ya 57.1 inaingia, lakini inahitaji ringi nyembamba ya kujaza nafasi, la sivyo usukani utatetemeka ukifika 90 na utalaumu balansi bure. Tatu ni nati zenyewe: rimu nyingi za Toyota za kiwandani hutumia nati zenye washa bapa, Honda hutumia za mviringo, na rimu nyingi za dukani hutaka za koni. Nati isiyo ya kiti chake hushika kwa eneo dogo mno.

Halafu kuna ofseti, ile namba inayoandikwa ET nyuma ya rimu. Inaonyesha uso wa kufungia uko umbali gani kutoka mstari wa katikati ya rimu. Rimu ya kiwandani ya WRX ina upana wa inchi 7 na ET 55. Ukifunga ya inchi 8 yenye ET 35, ukingo wa nje unatoka kwa karibu milimita 33. Gari linaonekana limesimama kwa miguu mipana, na wengi hupenda hivyo. Lakini beringi za habu sasa zinabeba mzigo mbali na pale zilipoundiwa, usukani unavutwa na kila mfereji wa barabara, na mawe yanapiga mlango. Kwa upana wa 7 na nusu, tafuta ET 48 hadi 53. Speisa za kusukuma gurudumu nje sizipendi kabisa kwenye gari linalopita matuta.

Unaponunua rimu iliyotumika, igeuze. Nyuma ya mikono yake tafuta alama ya JWL, kipimo cha Japani cha rimu za aloi, na VIA inayoonyesha kwamba imepimwa na wakaguzi huru. Angalia kama imewahi kuchomelewa. Rimu iliyochomelewa mkononi au karibu na matundu ya nati haifai kwa mashindano, na kwangu haifai kwa barabara pia.

Sehemu iliyobaki ya jibu nililoahidi kulitetea ni mpira ulio bora. Baadhi ya magari kutoka Japani huja na matairi ya majira ya baridi, yenye mikato midogo mingi na mpira laini wa theluji. Asubuhi ya Timau yanaweza kukuhadaa kwa kushika vizuri. Yapeleke Isiolo mchana, au mizunguko mitatu ya mashindano, yatachakaa na kuyumba. Upande wa pili kuna matairi ya semi-sliki yanayoruhusiwa barabarani. Yakipata joto yanashika lami kwa ajabu. Yakiwa baridi, kwenye nyuzi 8 na manyunyu ya mlimani, ni magumu na hayana mifereji ya kutosha kumwaga maji, na ndiyo maana sikubali yawe matairi ya kila siku hapa. Mwenye seti moja achukue tairi la barabarani la daraja la juu, lenye mfumo mzuri wa maji. Atapoteza sekunde chache Kiambu, na atafika nyumbani. Soma pia namba nne za mwisho za msimbo wa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye mistari mizima lakini lililokaa dukani miaka 7 mpira wake umekauka, hata bei ikiwa tamu.

Na ninyi wa Subaru mnaoendesha kwa magurudumu yote manne, msibadilishe matairi mawili na kuacha mawili yaliyoisha. Subaru yenyewe hutaka mzingo wa matairi manne usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Yakitofautiana, mfumo wa katikati unaogawa nguvu hufanya kazi bila kupumzika, kila mita, hata kwenye barabara iliyonyooka, mpaka ufe. Kuutengeneza ni ghali kuliko matairi uliyokwepa kununua. Spea nayo iwe ya kipenyo hicho hicho. Hii ndiyo sababu nyingine ya kupenda kipimo cha kawaida kama 205/55R16: ukipasua tairi moja Jumapili jioni Nanyuki, kuna uwezekano mkubwa wa kulipata jingine lake. Ukipasua 225/35 ya inchi 18, utalala pale.

Fungeni nati kwa spana ya kipimo, mzirudie baada ya kilomita 80 hivi, na mkishamaliza maswali hapa ndani tutatoka nje na geji tuanze na gari la kwanza kwenye mstari wa magari yenu.